Vichwa vya Misumari

Wiki ya kwanza tangu arudi nyumbani moja kwa moja, Safari aligonga kichwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni kila asubuhi, na kila asubuhi mama mkwe wake alimpa pole kwa sauti ile ambayo watu humpa mgeni. Vijiko alivitafuta kwenye droo ya nyuzi. Alitaka kuwasha taa ya chooni, akazima ya sebuleni, watu wakiwa katikati ya taarifa ya habari. Akiulizwa anywe chai ya namna gani, alijibu, "Yoyote tu," jibu la mtu aliyefikia kwa watu.

Safari halikuwa jina lake, ila jingine hakuna aliyelitumia tena. Mkewe ndiye aliyembandika, miaka ile ya mwanzo ya ndoa, kwa utani uliokuwa na uchungu kidogo chini yake, kama chai iliyochemka kupita kiasi. Mwanamume huyu alikuwa fundi wa mbao za zege. Ukiona nguzo ya ghorofa imesimama wima kama askari wa gwaride, ujue kwanza palikuwa na sanduku la mbao lililofungwa na mtu kama yeye. Zege humwagwa humo, likakauka, kisha sanduku likabomolewa na mbao zikahamia nguzo nyingine. Maisha yake yote alijenga vitu vizuri vya kubomolewa. Jengo likikamilika, yeye na mkoba wake wa turubai walikwisha kuhamia jengo jingine. Waliopigwa picha mbele ya jengo ni wapaka rangi. Nyumbani alikuja mapumziko, akala vizuri, akaambiwa amenenepa, akaondoka. Binti yao alikua, akasoma, akaolewa, na sehemu kubwa ya hayo baba alihudhuria kwa simu, mtandao ukikatika kwenye hotuba.

Sasa mgongo ulikuwa umeanza kumdai, na jengo la mwisho lilikuwa limeisha. Akamwambia mkewe, "Safari hii nimerudi." Mkewe, fundi cherehani, hakuinua macho kwenye mshono. Alisema, "Karibu," akaendelea kukanyaga pedali.

Mkoba aliusukuma chini ya kitanda. Shati akilihitaji alilichomoa humo. Likifuliwa na kukauka, alilikunja akalirudisha humohumo. Kabati lilikuwepo, na mkewe alikuwa amempa rafu nzima, ameifuta vumbi. Rafu ilikaa wazi. Hakuwa na nia mbaya. Mikono yake ndiyo iliyozoea hivyo.

Katika nyumba nzima ni mmoja tu aliyekataa kumfanya mgeni wa heshima, naye alikuwa Tafrani. Huyu alikuwa mtoto wa mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, masikio makubwa kuliko akili, mkia usiojua kupumzika. Mke wa Safari alimwokota kwenye kreti nyuma ya soko, akamkuza kwa mabaki ya mezani na vipande vya vitambaa vya kutafuna. Tafrani alimbwekea Safari siku ya kwanza, ya pili pia, kisha akaona kubweka hakusaidii, akahamia kwenye vitendo. Aliugundua mkoba. Kila siku aliuingia kichwa kizima na kutoka na kitu: soksi akaipeleka jikoni, futi ya chuma akaitupa bafuni, na kofia ngumu ya kazini aliikokota hadi kwenye kiti cha mama mkwe, bibi akaivaa akishona vifungo, akisema sasa hata dari likianguka yeye hana wasiwasi. Kila kilichotolewa na mbwa mchana, Safari alikirudisha jioni. Mbwa anafungua, mtu anafunga. Mkewe alikuwa akiwatazama wote wawili.

Nyuma ya nyumba ardhi ilikuwa na mteremko, kwa hiyo mlango wa jikoni ulifunguka kwenye baraza la mbao lililosimama juu ya nguzo. Hapo ndipo cherehani ilipokaa kwa ajili ya mwanga, na hapo ndipo mama mkwe alipokaa kwa ajili ya maneno. Lakini baraza lilikuwa limezeeka. Mbao zililainika kama mkate uliochovywa, na mguu mmoja wa cherehani ulisimama juu ya tofali. Safari alipoliona vizuri, moyo ulimpanda kwa furaha. Hapa palikuwa na kitu anachokijua. Vijiko vingemshinda, lakini mbao?

Akaenda kwa Bwana Msumeno, mwenye yadi ya mbao mwisho wa barabara, mtu mnene mwenye sauti iliyompatia jina hilo. Akachagua mbao moja moja, akizichungulia kwa jicho moja kama anayelenga shabaha. Akaziagiza zikaja, akavua shati, akaanza. Alibomoa la zamani, akaongeza upana, akaweka ngazi mpya, akazungusha ukingo wa kuegemea, akaezeka bati ili cherehani isikimbizwe na mvua. Aliimba akifanya kazi, vibaya, lakini aliimba. Mama mkwe alimsimamia kutoka kwenye kiti chake, akimuuliza kama baraza ni la watu au la kutua ndege. Tafrani alilala juu ya kila ubao uliotaka kupigiliwa, na kila mara ikabidi abebwe.

Siku ya tatu mkewe alitoka jikoni na kikombe, akakiweka juu ya boriti, akarudi ndani. Hakuuliza anataka chai gani. Safari akaionja: kavu bila maziwa, kali, sukari kidogo. Alivyokuwa akiipenda kabla ya safari zote. Alikaa na kikombe kile muda mrefu kuliko chai yenyewe ilivyohitaji.

Na misumari aliipiga kama mkono ulivyozoea. Kwenye kazi ya zege msumari hauzamishwi. Unauacha kichwa kimesimama nje kidogo, kama punje ya mahindi, ili kesho yake makucha ya nyundo yapate pa kushika, mbao zitoke bila kupasuka. Fundi mpya akizamisha msumari, hutukanwa na kambi nzima. Kwa hiyo Safari alipiga, akapiga, na pigo la mwisho, lile la kuzamisha, hakulipiga. Baraza zima. Hakuamua hivyo. Kwa macho yake msumari wenye kichwa nje ulikuwa msumari uliokamilika.

Jumapili waliita watu wachache waje kuliona. Bwana Msumeno alikuja, majirani wakaja. Safari alisimama pembeni, amevaa shati lililotolewa mkobani likiwa na mikunjo, akitembeza watu kwa maneno. Aliwaambia wapitishe hata tembo. Aliwaambia majengo aliyoyafunga yeye yana ghorofa nyingi kuliko vidole vyao. Mkewe alicheka, kicheko cha kweli, akamwambia jirani, "Mwacheni ajisifu, ndiyo kwanza ananijengea kitu mimi."

Hapo mama mkwe akatoka jikoni na sinia la vikombe, katika gauni lake refu la bluu lililoshonwa na bintiye. Alikataa kupokewa. Alisema baraza jipya lazima alizindue mwenye umri. Nyuma yake Tafrani, aliyekuwa amefungiwa chumbani, aliusukuma mlango kwa kichwa na kuja mbio kama mpira uliopigwa penalti. Mama mkwe alimsikia, akasimama, akacheka, akampisha. Tafrani akapita zake. Hilo Safari aliliona wazi, kwa kuwa alikuwa hatua moja kutoka hapo, anangoja sifa. Mbwa alikwisha pita. Kisha bibi akainua mguu, pindo la gauni likanasa kwenye kichwa cha msumari, akavuta bila kujua, ubao ukanyanyuka upande mmoja, na sinia likaenda chini, na vikombe, na bibi wa watu juu ya vyote.

Wengine waliona vitu viwili tu: mbwa anakimbia, bibi anaanguka.

"Ni huyu mbwa," alisema Safari.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Maneno yalitoka yenyewe, na mguu wake wa kulia ukayafuata. Ulisogea, ukakanyaga kichwa cha msumari, ukabaki hapo. Watu waliinama kumwinua mama. Mkewe akamwita ashike huku. Safari akanyoosha mikono kutoka pale alipo, akipinda kiuno kama mti unaotaka kung'oka, mguu haubanduki. Mtu aliyezoea kubeba boriti peke yake! Mkewe akamwambia, "Sogea basi," naye akasogeza mabega tu. Mwishowe Bwana Msumeno ndiye aliyemnyanyua bibi, akampeleka kwenye gari lake. Tafrani alikuwa amejikunja chini ya cherehani, masikio yamelala, kama mtu aliyesikia akitajwa polisi.

Walipokwisha kwenda zahanati, Safari alibaki kuokota vigae vya vikombe. Alivikusanya vyote. Kisha akaenda kuchukua nyundo, akarudi, akapiga msumari ule pigo moja. Ukazama. Pigo moja tu lilikuwa limebaki.

Alipoinua macho akaiona mingine. Mstari kwa mstari, vichwa vimesimama, baraza zima linamtazama. Akainua nyundo, akaishusha. Nyundo ikisikika saa hizi, mtu atauliza inatengeneza nini kwenye kitu kipya. Akaingia ndani, akatoa zulia la sebuleni, akalitandika pale watu wanapopita zaidi.

Mama mkwe alirudi na bendeji hadi katikati ya muundi. Mguu ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Aliambiwa akae, asikanyage. Mkewe alimweka kwenye kiti, akamwekea mto chini ya kisigino, akakaa yeye mwenyewe sakafuni. Bwana Msumeno, aliyekuwa bado mlangoni na funguo za gari mkononi, alisema kwa nia njema kabisa kwamba yeye yadini kwake anahitaji mbwa wa kulinda, na kwamba mbwa mtukutu akifungwa mnyororo angali mdogo hutulia. Mama mkwe akasema aachwe, mbwa ni mtoto, yeye mwenyewe ndiye hakuangalia. Mkewe akamjibu kwamba mama hana mifupa ya kuchezea, na safari nyingine itakuwa nyonga. Kisha akamgeukia mumewe.

"Wewe ulikuwa karibu kuliko wote. Uliona nini?"

Ilikuwa nafasi yake. Iliwekwa mbele yake kama sahani, hata kijiko kimo.

"Alimpitia miguuni," alisema Safari.

Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa jumla yalikuwa uongo. Mkewe akaitikia kwa kichwa. Alimwamini palepale, bila kumtazama mara mbili, na hilo ndilo lililomchoma. Angemtilia shaka kidogo, angepata pa kupumulia.

Tafrani aliondoka kwenye mikono ya Bwana Msumeno, akimlamba kidevu njia nzima. Mke wa Safari aliosha bakuli lake, akalifuta kwa taulo la vyombo, akaligeuza juu chini kwenye rafu, akaenda kushona. Usiku huo hakushona kitu cha maana, alisikika akifumua.

Nyumba ikatulia. Soksi zilikaa mkobani. Futi ilikaa mkobani. Hakuna aliyekokota kitu, hakuna aliyelala mahali pasipotakiwa, na Safari, aliyekuwa akilalamika wiki nzima kuhusu mbwa yule, alijikuta akisikiliza kucha zake sakafuni. Watu walimtendea vizuri mno. Chai yake ilikuja kavu na kali. Mama mkwe alimshukuru kwa kumletea mto, akamwita mwanangu, neno ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulipata. Alikuwa "mkwe wetu" tu, kama mtu wa kamati. Siku ile alilipata. Akaogopa hata kukaa barazani. Akipita juu ya zulia, alisikia vichwa vya misumari kwenye nyayo, kimoja kimoja, kupitia soli ya kiatu.

Katikati ya hayo simu ikalia. Ni msimamizi wake wa zamani, mwenye sauti ya kupigia kelele mashine hata pakiwa kimya. Jengo jipya, mbali, ghorofa nyingi. Anataka mtu wa mbao anayemwamini. Safari alitoka na simu hadi kwenye uzio, akasikiliza, akasema, "Nitakuambia." Aliporudi, mkewe akauliza ni nani. "Jamaa wa kazini, anasalimia," akasema. Na salamu zilikuwemo kweli. Siku hizi alikuwa amekuwa hodari wa ukweli wa namna hiyo.

Aliyemmaliza hakuwa msimamizi, wala mbwa. Lilikuwa gauni la bluu. Mkewe alilitoa siku moja asubuhi kulitia kiraka, akamwomba amshikie kitambaa kisiteleze, maana taa ya cherehani imeharibika naye anahitaji mkono mmoja wa kuelekeza kioo kidogo kirudishe mwanga wa nje kwenye sindano. Safari akaketi, akashika. Mpasuko ulikuwa mbele ya macho yake: umeanzia kwenye tundu dogo la duara, ukakata kona. Mtoto wa shule ya vidudu angelitambua tundu lile.

"Angalia," mkewe alisema, akipitisha kidole polepole kwenye kingo za mpasuko. "Kajino kale ka Tafrani. Nani angedhani kana nguvu hii." Akachukua kiraka. "Na mimi ndiye niliyemzoesha kutafuna vitambaa. Nilikuwa nampa mabaki ili nisikae peke yangu nikishona. Kwa hiyo mama kaumia kwa sababu yangu, ukitazama sana."

Akatumbukiza sindano, akakanyaga pedali. Safari alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili, na mikono ilianza kutoa jasho, ikaacha alama kwenye bluu. Alitaka kusema. Uongo wake ulikuwa umetoka kwa mbwa ukahamia kwa mkewe, na huyu naye ameupokea, ameushonea kabisa kiraka. Kazi ilipoisha, mkewe alimshukuru. Safari akainuka, akavaa viatu, akasema anakwenda yadini.

Bwana Msumeno alikuwa amekaa juu ya lundo la mbao, anakula karanga. Tafrani alifungwa mnyororo kwenye nguzo ya banda. Alikuwa ameuzungusha ukaisha, pua imegusana na nguzo, na bakuli la maji liko upande wa pili ambako hafiki. Alipomwona Safari alisimama kwa miguu ya nyuma. Mbwa huyu aliyembwekea, aliyemnunia, aliyemtupia futi yake bafuni, sasa mkia ulimtikisa mwili mzima, na kilio kilimtoka kama mlango usiotiwa mafuta. Hakukumbuka kosa la mtu. Safari aliangalia pembeni. Angemng'ata ingekuwa heri.

"Mbao zimepungua, fundi?" aliuliza Bwana Msumeno.

Safari akasema amekuja kumchukua mbwa. Bwana Msumeno akatafuna. Akasema yeye hana neno, mbwa wenyewe kulinda hajui, juzi amewakaribisha wezi wawili wa maboksi na kuwasindikiza hadi getini. Ila aliyempa ni shemeji kwa mkono wake, na alitoa chozi. Akirudishiwa bila maelezo ataona anachezewa. "Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie si mbwa."

"Ni nani?"

Safari akachuchumaa, akaanza kuuzungusha mnyororo kinyume ili mbwa apate nafasi, na ilikuwa rahisi kidogo kusema akiwa hatazami mtu. Alieleza. Msumari, pindo, mguu wake uliosimama kama mlingoti. Bwana Msumeno alisikiliza, kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa ile sauti yake ya kupasua magogo hadi karanga zikamwagika. "Ndiyo maana," alisema akijifuta macho. "Nilisema mtu huyu kapooza. Mama mkwe yuko chini, yeye anapiga saluti!" Wapakiaji wawili waliokuwa nyuma ya banda wakatoa vichwa kuona kuna nini. Safari aliendelea kukung'uta mnyororo. Masikio yalimwaka moto. Alijua kabla ya jioni mtaa mzima utakuwa nayo hiyo saluti, na alijua pia kwamba hayo bado ni mepesi. Hawa ni watu wa kucheka. Nyumbani hakuna atakayecheka.

Njiani Tafrani alimvuta kila upande. Kwenye kona ya nyumba Safari alisimama kupumua, mbwa akauchomoa mnyororo mkononi mwake na kumtangulia. Akasikia kucha zikipanda ngazi, kisha sauti ya mama mkwe ikisema, "Wewe! Umetoroka?" na ilikuwa na furaha iliyosahau maumivu.

Mkewe alikuwa amesimama barazani na mkasi mkononi alipofika. "Umemrudisha kwa nini?"

Safari alipiga magoti, akakunja zulia la sebuleni kuanzia upande mmoja, akalikunja lote, akalisukuma kando. Akakaa hapo magotini.

"Nguo ya mama ilinasa hapa," alisema, akiuonyesha msumari uliozama. "Huu nimeuzamisha baadaye, mlipokwenda zahanati. Ulikuwa kama hii mingine. Mbwa alikuwa ameshapita. Nilimwona amepita. Niliukanyaga msumari ili msiuone."

Mama mkwe aliacha kumkuna mbwa. Mkewe aliweka mkasi juu ya cherehani. Alichuchumaa, akatandaza kiganja kwenye ubao, akakipitisha taratibu kama anavyopima kitambaa kabla ya kukikata. Kiganja kikakutana na kichwa cha msumari, kikasimama. Akasogeza, kikakutana na kingine. Alikwenda hivyo mpaka kwenye ukingo.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Kwa nini?"

Akamweleza jinsi ya kazi za zege: kwamba kichwa kinaachwa nje ili kubomoa kuwe rahisi. Alieleza haraka haraka, akidhani hili ndilo jepesi, hili ni la ufundi tu. Kisha akamwona mkewe amekaa chini kabisa kwenye mbao, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa cherehani, na uso wake umebadilika. Kwenye habari ya mbwa haukuwa umebadilika hivyo.

"Ili kubomoa kuwe rahisi," alirudia.

"Mazoea tu. Mkono."

"Nguo zako ziko mkobani mpaka leo. Nikasema ni mkono." Alikuwa akisema kwa upole, na Safari alitamani angepaza sauti. "Rafu niliifuta mara mbili. Sasa unanijengea baraza la kung'oa. Unaondoka lini?"

Safari alifungua mdomo aseme haondoki, na hapo akaikumbuka simu. Kwa ule ustadi wake mpya wa ukweli angeweza kusema hajapanga kuondoka, na kila neno lingekuwa sahihi. Alitazama chini, kwenye mbao alizozichagua mwenyewe moja moja.

"Msimamizi alipiga simu," alisema. "Si salamu. Kuna jengo. Sikumwambia hapana."

Tafrani alizunguka katikati yao, akanusa goti la Safari, akaingia ndani. Mama mkwe alikuwa ameshika bendeji yake kama anayeona kwa mara ya kwanza kilichomo.

"Mimi nilikuita mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi chukua nyundo. Hilo neno nitafikiria kama nalirudisha."

Akachukua. Alianzia mlangoni, akaenda mstari kwa mstari, pigo moja kila kichwa. Kelele ilikwenda mtaa mzima, na jirani mmoja alichungulia juu ya uzio kuuliza kama baraza halikuwa limekwisha. Mama mkwe akamjibu kwamba lilikuwa limekwisha kwa macho. Safari hakuinua kichwa. Kila pigo lilisema kosa lile lile, na yalikuwa mengi, na mkewe aliyasikia yote, kwa sababu hakuondoka. Alibaki ameketi palepale. Safari alipofika pale alipokaa mkewe, hakumwomba asogee. Akapiga kuzunguka mguu wake. Mbao mbili zilikuwa zimelegea, zikahitaji misumari mipya. Akaweka michache mdomoni, kama mafundi wote.

Simu ikalia mfukoni. Aliitoa, akaliona jina, akamwangalia mkewe. Mkewe aliangalia cherehani. Safari akapokea palepale barazani, akasema, na msimamizi akapiga kelele kwamba hasikii, anasemaje? Misumari ilikuwa imejaa mdomoni. Akaitema kiganjani, ikiwa na mate, akasema upya, taratibu, watu wawili wanasikia:

"Sitakuja. Tafuta mwingine."

Aliweka simu. Hakungoja sifa safari hii, na hakupewa. Aibu haikutoka, ilikaa naye, akaendelea kupiga nayo.

Tafrani akatokea mlangoni, amepinda shingo kwa uzito. Alikuwa amekamata mkoba kwa mkanda na kuukokota wote, kutoka chini ya kitanda, kupitia jikoni, na nyuma yake nguo zilikuwa zimemwagika njia nzima. Akaufikisha katikati ya baraza, akauachia, akaketi juu yake akihema. Kwa mazoea mkono wa Safari uliacha nyundo na kwenda kwenye shati la karibu ulikunje. Ukasimama njiani. Ukarudi kwenye nyundo.

Mkewe alimtazama kidogo. Kisha akainuka, akaliokota shati lile, lenye mikunjo ya siku ya sherehe, akalinusa, akakunja pua. Akaingia ndani akiokota na mengine, moja moja, njia nzima, na Safari, katikati ya mapigo mawili, akasikia yakitupwa kwenye beseni la nguo chafu, pamoja na nguo za mkewe.